Dume Mmoja, Kijiji Kizima: Mbinu za Kupandisha Sungura na Tija ya Uzazi katika Mpaka wa Rubavu

Sungura ni mfugo unaofaa wilaya ya Rubavu, ambako mashamba ni madogo na soko la Goma liko ng'ambo tu ya Grande Barrière. Makala hii inajenga hoja kwamba mradi wa sungura unaohesabu majike bila kupanga mzunguko wa madume hujidhoofisha wenyewe ndani ya vizazi vichache.

Yai la sungura jike hupevuka kwa kuchochewa na tendo lenyewe la kupandwa, yapata saa 10 hadi 12 baadaye. Jike ndiye hupelekwa kwenye kizimba cha dume, kwani akiwa kwake huweza kumshambulia mgeni. Mimba hudumu siku 31 hivi; baada ya hapo uamuzi ni wa mfugaji. Akimpandisha jike siku 11 baada ya kuzaa, kati ya uzao mmoja na mwingine hupita siku 42, yaani uzao 8 kwa mwaka kwa hesabu ya karatasini. Akisubiri watoto waachishwe kunyonya wakiwa na siku 42, muda huwa siku 73, na uzao 5. Mbinu ya kwanza hudai chakula chenye protini nyingi. Jike anayetegemea majani na mabaki ya jikoni hukonda na kumkataa dume. Kwa kaya nyingi za mpakani, ya pili ndiyo yenye busara, hata kama haivutii katika maandiko ya miradi.

Mombasa au Dar es Salaam, joto linalozidi nyuzi 30 hudhoofisha mbegu za dume kwa wiki kadhaa. Ufuo wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hivyo kisingizio cha joto hakina nguvu hapa, isipokuwa chini ya bati lisilo na dari.

Tatizo zito ni undugu wa damu. Tangu 2006, mpango wa Girinka umekuwa ukiitaka kaya iliyopewa ng'ombe impe jirani ndama jike wa kwanza. Ng'ombe huweza kuhimilishwa kwa mbegu za mbali. Sungura wa kaya hupandwa na dume aliye karibu. Utaratibu huo ukihamishiwa kwa sungura, kijiji hujaa watoto wa baba mmoja. Watoto wa ndugu wa baba mmoja hubeba kiwango cha undugu cha asilimia 12.5, wa baba na bintiye, asilimia 25. Uzao hupungua, na vifo kabla ya kuachishwa huongezeka.

Je, damu mpya itoke Goma? Mnyama hai huhitaji cheti cha afya, tena kwa sababu nzuri: homa ya kutoka damu ya sungura, iliyoelezwa kwanza China mwaka 1984, huua banda zima kwa siku chache. Mnamo Machi 2020, Rwanda ilipofunga mipaka kwa wasafiri, malori ya shehena yaliendelea kupita. Mfugaji mwenye dume kikapuni ni msafiri.

Kwa hiyo mzunguko upangwe ndani ya wilaya. Majike wabaki, madume wahame. Binti huzaliwa mwezi mmoja baada ya dume kuwasili na hupandwa akifikisha miezi 5. Dume basi aondoke kabla ya mwezi wa 6, akiwa na alama sikioni na tarehe zake daftarini, na atengwe wiki 3 kabla ya kuhudumia majike wa kijiji kipya.