Istilahi ya Selimundu na Tiba ya Vinasaba

Istilahi selimundu hutaja umbo: chembe nyekundu ya damu iliyopinda mithili ya mundu. Chanzo, yaani himoglobini yenye kasoro ya kurithiwa, haikitaji. Tiba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 hutumia kipande cha RNA kuongoza kimeng'enya kikate DNA ya seli shina za mgonjwa mahali maalumu. Protini inayozima himoglobini ya kijusi hupungua; himoglobini hiyo huzalishwa tena kwa wingi na kuzuia chembe kupinda.

Ugonjwa huu umeenea Kanda ya Ziwa. Mzazi wa Kibimba, mkoani Kagera, akiambiwa tu kwamba mwanawe "atabadilishwa damu", atadhani ni kuongezewa damu, na ridhaa yake itakuwa ya jina. Kuunda istilahi, basi, ni sehemu ya tiba.