Mwalimu wa mkataba: Siku 30 hazingoji shule ifunguliwe

Na Mwandishi Wetu

DESEMBA huku Kasulu na Kibondo ni mwezi wa jembe. Mwalimu wa shule binafsi yuko shambani, na mkataba wake wa mwaka mmoja unakwisha tarehe 31. Hana wasiwasi, kwani umehuishwa mara tatu mfululizo. Katikati ya Januari anarudi shuleni na kukuta vipindi vyake vimepewa mtu mwingine.

Wenye shule wengi husema mkataba ukiisha umeisha. Hiyo ni nusu tu ya kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu kutohuisha mkataba kuwa ni kuachisha kazi, iwapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki ya kuendelea.

Mzigo wa kuthibitisha, hata hivyo, ni wa mwalimu. Kanuni za mwaka 2007 zinataka aonyeshe msingi wa matarajio hayo, kama vile kuhuishwa huko nyuma au ahadi ya mwajiri. Ratiba ya mwaka mpya yenye jina lake ni karatasi ya kutunza. Maneno ya chumba cha walimu hayafiki mbali. Na aliyeendelea kufundisha baada ya tarehe kupita anaweza kudai kuwa mkataba umejihuisha wenyewe.

Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Kwa mwalimu wetu, anapoikuta ratiba ile nusu ya siku hizo imekwenda, na kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilomita 200. Akichelewa, lazima kwanza aombe kuongezewa muda na kueleza sababu. Kusema alikuwa akimbembeleza meneja si sababu ya kutegemea.

Akiwahi, huanza msuluhishi. Wasipoelewana ndani ya siku 30, shauri huenda kwa mwamuzi, ambaye tuzo yake ina nguvu kama hukumu ya mahakama. Asiyeridhika ana wiki 6 kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie.

Njia nafuu zaidi ni mkataba wa hali bora. Chama chenye wanachama wengi kati ya wafanyakazi wa shule kina haki ya kutambuliwa, na mwajiri analazimika kujadiliana nacho kwa nia njema. Humo kinaweza kuwekwa kifungu kimoja tu: asiyehuishiwa mkataba aambiwe kwa maandishi kabla ya shule kufungwa, pamoja na sababu. Mwenye shule naye hupata muda wa kutafuta mwalimu wa hesabu, ambaye Kibondo haokotwi njiani.

Hata asiyekuwa na madai ya kurudi kazini asiondoke mikono mitupu. Adai mshahara uliobaki, likizo ambayo hakuchukua na cheti cha utumishi. Na kama aliajiriwa kutoka mkoa mwingine, nauli ya kurudi na mizigo yake.