Je, Wajua? Fangasi Aliyefundwa na Amiba

Kriptokokasi ni fangasi wa seli moja. Makazi yake ni udongo, miti inayooza na kinyesi cha njiwa kilichokauka. Vumbi likipanda, tunamvuta mapafuni, na kwa kawaida mwili humdhibiti bila sisi kujua. Hatoki kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine. Yaani binadamu si sehemu ya maisha yake kabisa. Basi mbinu za kuushinda mwili wetu kazipatia wapi?

Wataalamu wengi wanaona alifundwa na amiba. Amiba huzunguka udongoni akimeza vijidudu, na fangasi waliosalimika mbele yake ni wale wenye utando mnene wa sukari, wenye melanini ya kuwakinga, na wanaoweza kuishi hata baada ya kumezwa. Mapafuni mwetu kuna makrofeji, askari wa mwili ambao nao hukamata, humeza na kuyeyusha adui. Mtindo ni ule ule, na kriptokokasi anaujua. Akimezwa, huzaana humo humo ndani ya askari, na pengine hutoka akimwacha askari huyo mzima. Baadhi huvimba hadi kufikia mikromita 100, ilhali seli zake za kawaida hazifiki 10. Hakuna makrofeji wa kummeza mwenye ukubwa huo.

Hata hivyo, ngao yetu kuu ni joto. Mwaka 2009, Vincent Robert na Arturo Casadevall walionyesha kwamba kati ya nyuzi 30 na 40, kila nyuzi moja inayoongezeka huwashinda takriban asilimia 6 ya fangasi. Kriptokokasi huhimili nyuzi 37 kwa msaada wa protini iitwayo kalsinyurini. Watafiti walipoiondoa, fangasi aliendelea kukua kwenye nyuzi 24, lakini kwenye 37 akafa.

Pale VVU vinapodhoofisha kinga, fangasi huyu hupenya hadi kwenye ubongo, mara nyingine akiwa amebebwa ndani ya makrofeji, na kimeng'enya chake kinaweza kugeuza dopamini, kemikali ya ubongo, kuwa melanini. Huleta homa ya uti wa mgongo: kichwa huuma siku nyingi, shingo hukakamaa, macho huanza kufifia. Inakadiriwa kuwa huua watu wapatao 112,000 kila mwaka, wengi wao kusini mwa Sahara, na hilo linaniuma kwa sababu ugonjwa huu unaweza kugunduliwa mapema. Tone la damu ya kidole huweza kuonyesha dalili za fangasi huyu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Tiba nayo imerahisishwa. Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, ikifuatana na vidonge vya wiki mbili, haizidiwi na sindano za kila siku kwa wiki nzima. Dawa hizo, pamoja na kipimo cha kidole, zinastahili kuwepo katika kila hospitali ya wilaya inayohudumia wenye VVU.