Vidonda vya moto: kiunzi chenye matundu kinasaidia ngozi namna gani?

Katika nyumba nyingi za Kambove, mbabula inawaka tangu asubuhi. Mtoto anaweza kupindua sufuria ya maji moto kabla mama hajageuka. Ngozi ikiungua mpaka chini kabisa, hairudi yenyewe: kidonda kinajifunga polepole kutoka pembeni, na kovu linavuta kiwiko au shingo.

Njo maana waganga wanakata ngozi nyembamba pahali pazima pa mwili na kuipandikiza. Lakini mtu aliyeungua zaidi ya nusu ya mwili, ngozi ataitoa wapi?

Mwaka 1981, mganga John Burke na profesa Ioannis Yannas, wa Boston huko Marekani, walitangaza jibu lao: kiunzi. Si ngozi, ni nyumba ambamo mwili utajenga ngozi yake. Fikiria kichuguu: ukikivunja, unaona vijia vingi vimeungana ndani.

Kinatengenezwa hivi. Wanachukua kolajeni, zile nyuzi zinazokaza kano za ng'ombe, wanaichanganya na kitu kinachotoka kwenye gegedu la papa. Uji huo unagandishwa, maji yanakuwa punje za barafu. Kisha hewa inavutwa kwa pampu, na barafu inakuwa mvuke bila kuyeyuka. Pahali palipokuwa na punje, panabaki tundu.

Kugandisha mbio kunatoa matundu madogo, polepole makubwa. Kwa ngozi yanatakiwa ya mikromita 20 hadi 125. Unywele mmoja una karibu 70. Tundu likiwa dogo sana, selula haziingii; likizidi, hazina pa kushika.

Juu wanaweka utando wa silikoni, maji ya mwili yasipotee na mikrobe zisiingie. Kisha wiki mbili tatu, mishipa ya damu imeingia; silikoni inatolewa, ngozi nyembamba sana inapandikizwa. Kiunzi chenyewe, mwili unakimaliza polepole.

Bei yake ni kali, tena mikrobe zikiingia kwenye kidonda zinakiharibu. Hapo njo kazi ya nyumbani inaanza: maji ya baridi yanayotiririka dakika 20, si barafu, hapana dawa ya meno, mafuta wala majivu, funika na kitambaa safi, kisha mbio hospitali. Kidonda kilichofika safi kinampa mganga nafasi, hata kama hana kiunzi, ana ngozi ya mgonjwa tu.