Lugha ya Alama katika Nyumba za Wasikiao: Watoto Wadogo wa Kisenyi, Kampala

Makala haya yanajadili swali ambalo aghalabu huulizwa mahali pengine na kwa sababu nyingine: je, kuna haja ya kumfundisha mtoto mdogo asikiaye lugha ya alama nyumbani? Nchini Marekani na Uingereza, tangu miaka ya 1990, swali hilo limezaa biashara ya vitabu, video na madarasa yanayowaahidi wazazi kwamba mtoto afundishwaye ishara kabla ya kusema atazungumza mapema kuliko wenzake. Video hizo sasa huonekana katika simu yoyote ile, Kampala ikiwemo. Tunahoji kuwa ahadi hiyo ni dhaifu, ila zoezi lenyewe lina sababu bora zaidi, nayo hudhihirika katika mtaa kama Kisenyi.

Kwanza istilahi. Watanzania husema lugha ya alama, Wakenya lugha ya ishara. Hapa tumechagua alama kwa makusudi, ili ishara libaki jina la ile mikono ya kuaga na kuomba maziwa ambayo kila mtoto huifanya. Alama ni neno kamili. William Stokoe alionyesha mwaka 1960 kwamba hujengwa kwa umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake, kama neno litamkwalo linavyojengwa kwa fonimu. Ukibadili kimojawapo, maana inaweza kubadilika. Mtoto aliyefunzwa ishara ishirini za "nipe", "zaidi" na "basi" hajafunzwa lugha, kama vile mtalii ajuaye "jambo" na "asante" hajajifunza Kiswahili.

Ushahidi wa kiutafiti hauiungi mkono biashara hiyo. Elizabeth Kirk na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2013 nchini Uingereza, waliwalinganisha watoto wachanga waliofundishwa ishara na wasiofundishwa, wasione tofauti katika ukuaji wa lugha. Walichokiona ni kwamba akina mama waliofundisha ishara waliongeza usikivu kwa yale mtoto anayoyaeleza bila maneno. Kwa upande mwingine, hofu ya wazazi wengi kwamba mikono itauchelewesha ulimi nayo haina msingi. Laura-Ann Petitto na wenzake (2001) waliwachunguza watoto wa Kanada waliokua na Kifaransa pamoja na Lugha ya Alama ya Quebec, wakakuta hatua za lugha zote mbili zikifikiwa kwa umri wa kawaida. Lugha ya alama, basi, haimharakishi mtoto asikiaye wala haimcheleweshi. Kwa nini afundishwe?

Kisenyi ni mtaa wa mashine za kusaga mahindi, maduka na vyumba vya kupanga ambavyo Waganda huviita mizigo, jirani na soko la Mtakatifu Balikuddembe, yaani Owino. Wasomali ni wengi, Wakongo wapo, na mtoto anaweza kusikia Kisomali chumbani, Kiganda uani, Kiswahili dukani na Kiingereza shuleni. Lugha moja zaidi haishangazi mtu hapa. Lakini mtoto kiziwi katika ua huohuo amezungukwa na lugha nne na hakuna hata moja inayomfikia. Kwa takwimu za Marekani, zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wasikiao. Hivyo lugha ambayo mtoto angeiweza, wazazi wake hawana. Mchana mama yuko sokoni. Anayembeba, anayemlisha na anayecheza naye ni dada wa miaka saba au mtoto wa jirani. Hoja ya makala haya imo humo: mtoto asikiaye afundishwe lugha ya alama kwa kuwa ndiye mwenzi wa kwanza wa mazungumzo wa mtoto kiziwi. Pasipo yeye, kiziwi hubaki na majina tuliyompa, bubu kwa Kiswahili na kasiru kwa Kiganda, ambayo yote humtaja kwa sauti asiyoitoa.

Hali hiyo si ndoto. Katika kijiji cha Adamorobe nchini Ghana, ambako uziwi wa kurithi umekuwapo kwa vizazi, wasikiao wengi hutumia lugha ya alama ya kijiji, na hakuna aliyewafundisha darasani.

Uganda haianzii patupu. Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali ihimize uendelezaji wa lugha ya alama kwa viziwi. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni. Kamusi ya Lugha ya Alama ya Uganda ilitolewa mwaka 2006, na Sam Lutalo-Kiingi, mwanaisimu kiziwi, aliieleza sarufi yake katika tasnifu ya mwaka 2014. Kasoro ni ya umri. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1997, humpokea mtoto akiwa na miaka sita, ilhali elimu ya awali imeachiwa zaidi wazazi na watu binafsi. Miaka ambayo lugha hujengeka ndiyo ambayo bajeti haiioni.

Video za kigeni haziwezi kuziba pengo hilo, kwa kuwa nyingi hufundisha alama za Kimarekani, na shuleni mtoto atakutana na za Uganda. Anayefaa kufundisha ni kiziwi mtu mzima, uani, akiwa na watoto wote kwa pamoja. Kanuni za awali ni chache: mguse bega kabla ya kuanza, keti usawa wa macho yake, subiri akutazame. Ugumu hutokana na makazi. Chumba chenye dirisha moja, umeme ukikatika, hunyamaza kwa kiziwi, na mazungumzo ya jioni hayamfikii. Washauri wa sera wanaotaka mahali pa kuanzia wanaweza kutenga posho ya walimu viziwi wa nyuani, kwa saa za alasiri, watoto wakubwa wanapokuwa wamerudi kutoka shuleni na mwanga ungalipo.