Uzito wa Mzazi na Hesabu ya Miaka Mitatu

Mwalimu na aulize darasani swali hili: mtu aliyekuwa na uzito wa kilo 80 akapungua hadi kufikia kilo 70, zile kilo 10 za mafuta zimekwenda wapi? Baadhi ya wanafunzi watajibu kwamba zimegeuka kuwa joto. Wengine watasema zimetoka kwa jasho, na wengine kwamba zimepitia chooni. Jibu la kwanza halikubaliani na kanuni ya kutopotea kwa maada, na hayo mawili yaliyobaki yana ukweli mdogo tu. Molekuli ya kawaida ya mafuta ya mwilini ina atomi 55 za kaboni, 104 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Ili iungue yote yahitaji molekuli 78 za oksijeni, na mazao ya mwako huo ni molekuli 55 za kaboni dioksidi na 52 za maji. Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walifuatilia njia ya kila atomi katika mlinganyo huo, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba katika kila kilo 10 za mafuta yaliyoungua, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi na kilo 1.6 huwa maji. Kumbe mlango mkuu wa kutokea unene ni mapafu! Lakini asije mtu akadhani kwamba kuhema kwa makusudi kutampunguza. Hewa hiyo huzalishwa na mwako uliomo ndani ya chembe hai, na mwako huo hauamrishwi na mapafu.

Swali hili si la mchezo. Nchini Tanzania, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2004–05 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Ulipofika uchunguzi wa mwaka 2015–16, idadi hiyo ilikuwa asilimia 28. Kenya ilikuwa na asilimia 33 mwaka 2014, na asilimia 45 mwaka 2022. Miongoni mwa wanawake hao wengi ni wazazi, na si wavivu hata kidogo. Tumwangalie mwalimu mmoja wa mjini, wa kufikirika lakini anayefahamika na kila mtu. Huamka saa kumi na moja alfajiri kuwaandaa watoto, husimama au kuketi ndani ya daladala, hufundisha, na saa nne hunywa chai ya sukari kwa maandazi. Jioni hupika. Baada ya chakula humalizia ugali uliobaki katika sahani za watoto ili usitupwe, kisha husahihisha madaftari hadi saa sita ya usiku. Mtu wa namna hii akiambiwa akimbie kilomita tano kila siku na apike chakula chake peke yake, ameambiwa jambo lisilowezekana, na makosa si yake.

Je, apungue kiasi gani? Hapa sayansi ina habari njema. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa watu 3,234 ambao sukari yao ya damu ilikuwa imepanda, ila haijafikia kiwango cha ugonjwa wa kisukari. Kundi moja lilipewa shabaha ya kupunguza asilimia 7 ya uzito wa mwili na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa juma. Kwa muda wa miaka mitatu hivi, waliopata kisukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko katika kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mwalimu wetu mwenye kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5.6. Hatakiwi kurudia umbo alilokuwa nalo siku ya harusi yake.

Sasa tufike kwenye hesabu. Gramu moja ya mafuta halisi hutoa nishati ya kilokalori 9 hivi. Kilo moja ya tishu ya mafuta, ambayo ina maji kidogo ndani yake, huhesabiwa kuwa na kilokalori 7,700. Tuseme mwalimu wetu hunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko viwili vidogo vya sukari vilivyojaa. Kijiko cha gramu 5 kina kilokalori 20; vijiko sita vina 120. Akiacha sukari hiyo, bila kuijaziliza kwa chakula kingine, kwa mwaka atakuwa ameepuka kilokalori 43,800. Gawanya kwa 7,700 utapata kilo 5.7. Kwa hesabu hii, iliyoenea tangu makala ya daktari Max Wishnofsky wa mwaka 1958, shabaha itafikiwa kabla ya mwaka kwisha.

Wanafunzi na waiendeleze hesabu hiyo. Baada ya miaka mitatu atakuwa amepungua kilo 17. Baada ya miaka 15 atakuwa amepungua kilo 85, yaani atakuwa ametoweka kabisa, na zaidi ya hapo atakuwa na deni la kilo tano! Hakuna mtu aliyetoweka kwa kuacha sukari ya chai. Kwa hiyo mahali fulani hesabu ina kasoro, na kuigundua kasoro hiyo ndiko kuuelewa mwili.

Chukueni pipa lenye tundu dogo karibu na kitako, mlitie maji kwa bomba hadi kina kitulie, yaani maji yanayoingia yawe sawa na yanayotoka. Kisha punguzeni kidogo maji ya bomba. Kina kitaanza kushuka, lakini hakitashuka hadi pipa likauke. Kadiri maji yanavyopungua, ndivyo kani-eneo ya maji penye tundu inavyopungua na mkondo unavyokuwa mwembamba. Hatimaye kinachoingia kinakuwa sawa na kinachotoka, na kina kinatulia mahali pa chini kidogo. Mwili nao ni pipa la namna hiyo. Mtu aliyepungua ana tishu chache za kulisha na mzigo mwepesi wa kubeba, kwa hiyo hutumia nishati kidogo kuliko awali. Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliiweka hali hii katika milinganyo, na mwaka 2011 wakatoa kanuni nyepesi: kwa mtu mzima, kila kilokalori 24 zinazopunguzwa kwa siku, moja kwa moja bila kurudi nyuma, hatimaye huleta upungufu wa kilo moja. Nusu ya upungufu huo hupatikana katika mwaka mmoja, na asilimia 95 katika miaka mitatu.

Turudi kwenye vikombe vitatu vya chai. Kilokalori 120 zikigawanywa kwa 24 ni kilo 5. Mwaka wa kwanza atapungua kilo mbili na nusu hivi, na zilizobaki zitafuata taratibu. Ni hesabu isiyosisimua, lakini ndiyo inayoelekea ukweli. Isitoshe, inaeleza kwa nini wengi hukata tamaa mwezi wa nane: wamepewa ahadi ya hesabu ya kwanza ilhali miili yao inafuata hesabu ya pili.

Msomaji atauliza kwa nini basi mtu asijinyime sana kwa miezi michache akamaliza kazi. Jambo hilo limepimwa. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwalisha vijana 36 waliojitolea chakula cha kilokalori 1,570 hivi kwa siku, kwa muda wa majuma 24. Walipoteza takribani robo ya uzito wao, na nishati waliyotumia wakiwa wamepumzika ilishuka kwa karibu asilimia 40, yaani zaidi ya vile uzito pekee ungeeleza. Wakawa wanyonge, wenye huzuni, na mawazo yao usiku na mchana yakawa juu ya chakula. Waliporuhusiwa kula walikula kupita kiasi. Hall naye, mwaka 2016, alitoa taarifa ya watu 14 waliokuwa wameshindana kupunguza unene katika televisheni ya Marekani. Miaka sita baada ya shindano wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito wao, na miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa ikitumia kilokalori 500 hivi pungufu ya ilivyotarajiwa. Aidha, yapo mawasiliano ya kikemia. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa New York waligundua leptini, homoni inayotoka katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo juu ya akiba iliyopo. Akiba ikipungua, leptini hushuka na njaa huongezeka. Mzazi anayelea watoto na kufanya kazi hawezi kuishi miaka katika njaa ya vijana wa Minnesota, wala hapaswi.

Na mazoezi je? Ushahidi ulio bora juu ya jambo hili umetoka kwetu Afrika Mashariki, kando ya Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Herman Pontzer na wenzake waliwanywesha watu wazima 30 wa jamii hiyo maji yenye alama, yaani maji ambayo sehemu ya haidrojeni yake ni ile nzito, na sehemu ya oksijeni yake ni ile yenye uzito wa 18. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini ikiwa maji tu: mkojo, jasho na mvuke. Oksijeni hutoka kwa njia mbili, ikiwa maji na ikiwa kaboni dioksidi. Mkojo ukipimwa kwa siku kadhaa, tofauti ya kasi za kupungua kwa alama hizo mbili huonyesha ni kaboni dioksidi kiasi gani imetoka kwa pumzi, na kwa hiyo ni nishati kiasi gani imetumika. Ndiyo ile ile hewa ya mlinganyo tulioanza nao. Wanaume walitembea kilomita zipatazo 11 kwa siku na wanawake karibu 6, mbali na kuchimba mizizi na kubeba kuni. Lakini matokeo yaliyotangazwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Pontzer anaeleza kwamba mwili unaozoea kazi hubana matumizi mahali pengine. Wahadzabe si wanene, lakini chakula chao ni mizizi, ubuyu, matunda ya porini, nyama na asali, na hakuna kibanda cha chipsi njiani.

Hii haina maana kwamba mwalimu wetu asitembee. Kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani huimarisha moyo na misuli na husaidia sukari ya damu, na waliopungua wakadumu mara nyingi ni watembeaji. Ila asitegemee mguu ulipie maandazi. Uzito hupunguzwa zaidi jikoni.

Ipo pia nguzo ambayo wazazi huidharau, nayo ni usingizi. Huko Chicago, mwaka 2022, Esra Tasali na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 80 wenye uzito uliozidi, ambao walikuwa wakilala chini ya saa sita na nusu. Nusu yao walisaidiwa kurefusha usingizi kwa saa moja na robo hivi. Katika majuma mawili tu walikuwa wakila kilokalori 270 pungufu kwa siku kuliko wenzao, bila kuagizwa lolote juu ya chakula. Linganisha na vijiko sita vya sukari! Madaftari yakisubiri hadi kesho, au baba akishika zamu ya kumwamkia mtoto mchanga, hiyo ni tiba halisi.

Jikoni nako, sufuria ni moja na walaji ni wengi, na ndiyo sababu mabadiliko yafaayo ni yale yanayoweza kuliwa na wote. Kijiko cha mezani cha mafuta ya kupikia kina karibu kilokalori 120. Anayemimina kwa kukisia kutoka kwenye dumu hajui ametia vijiko vitatu au saba. Kupima kwa kijiko hakuongezi hata dakika moja ya kazi. Soda yaweza kuondoka mezani ikabaki kwa sikukuu, na maharage na mchicha vikaongezwa sahanini mahali pa sehemu ya ugali. Lakini uji wa mtoto mdogo usiondolewe karanga wala maziwa. Tumbo lake ni dogo na anakua, kwa hiyo anahitaji chakula chenye nishati nyingi. Na ule ugali wa sahani za watoto? Wapakuliwe kidogo kwanza, waongezwe wakiomba. Kitakachobaki katika sufuria kitaliwa kesho.

Wanafunzi wasomao makala haya wasiige hesabu hizi kwa miili yao, maana nao bado wanakua. Vivyo hivyo mama mjamzito au anayenyonyesha. Atumiaye dawa za kisukari au za shinikizo la damu amwone daktari kwanza, kwani dawa yaweza kuhitaji kupunguzwa kadiri uzito unavyoshuka. Na anayepungua bila kukusudia asifurahi, aende hospitali.

Lililobaki ni mizani. Uzito wa mtu hupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili kati ya siku na siku kwa sababu ya maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni, ilhali upungufu halisi tunaoutafuta katika mwaka wa kwanza ni gramu 50 hivi tu kwa juma. Kwa hiyo apimwe mara moja kwa juma, asubuhi, kwa mizani ile ile, na namba iandikwe. Namba nne za mwezi zitafutiwe wastani, na wastani huo uwekwe katika grafu, miezi ikiwa kwenye mhimili wa mlalo na kilo kwenye mhimili wa wima. Baada ya nukta kumi na mbili, mtoto wake aliye kidato cha pili ataweza kumchorea mkunjo wake na kumwonyesha unaelekea wapi.