Nani kasema steringi hafi?

Kuna watu wakisikia hadithi ina majoka yanayotema moto wanabetua midomo: "Hayo ya watoto bwana!" Mimi nawaambia wajaribu zile zenye tope, jasho na njaa, halafu waje tuongee.

Chukua A Game of Thrones, kitabu cha Mmarekani George R. R. Martin kilichotoka mwaka 1996 na kutengenezewa tamthilia iliyorushwa kwenye televisheni kuanzia 2011 hadi 2019. Humo yumo Eddard Stark, mtu mkweli, hana longolongo. Tumezoea kwamba steringi hafi. Huyu anakatwa kichwa, tena ndani ya kitabu cha kwanza! Kuanzia hapo huna raha. Kila unayempenda unamwombea dua.

Martin hakuyatoa yote kichwani. Mwenyewe amesema alichota kwenye vita vya koo za Lancaster na York, zilizogombea kiti cha ufalme wa Uingereza karne ya 15. Ile harusi ya mauaji iliyowaliza wengi nayo ina mzizi: mwaka 1440, huko Uskoti, vijana wawili wa ukoo wa Douglas walialikwa chakula kwa mfalme, wakaishia kuuawa.

Kabla yake alikuwepo Glen Cook, aliyepata kufanya kazi kwenye kiwanda cha magari cha General Motors. Kitabu chake The Black Company, cha mwaka 1984, kinahusu askari wa kukodiwa, na anayesimulia ni daktari wao. Wachawi wa kutisha wamo, lakini jamaa wanacheza karata, wanalalamika, wanazika wenzao. Utadhani umekaa nao kijiweni.

Utamu uko hapo. Joka hatujawahi kuliona, ila rafiki msaliti na mkubwa mwongo tunawajua sana. Ukishawaamini hao, na joka unaliamini.

Lakini damu peke yake haitoshi. Wapo wanaoimwaga kurasa nzima na wala huhisi kitu, maana hukumjua aliyekufa. Kifo cha Stark kinauma kwa sababu alijua siri ya malkia, akamwonya akimbie na wanawe, kwa kuwahurumia watoto. Huruma hiyo ndiyo iliyomponza.

Wema usio na gharama kila mtu anauweza. Je, wewe ungemwonya, au ungenyamaza upone?

Haya, jibu kimoyomoyo. Tukutane wiki ijayo.